Uliloliona Ni Mlango Tu

Kwa dada yangu mpendwa Mwanatumu, nyumbani Munje, Msambweni.

Shikamoo dada. Kabla hujauliza nitasema mwenyewe: nimekawia kuandika, na kukawia huku hakuna udhuru. Barua yako ilinifikia kabla ya Ramadhani. Sasa tumefunga, tumefungua, na Idi ya kuchinja nayo imepita. Umengoja kwa adabu, hukuleta barua ya pili ya kunihimiza. Nakuomba radhi. Namwomba radhi pia huyu anayekusomea maneno haya, maana yeye ndiye aliyengoja zaidi.

Anayesoma namjua, ni binti yako Mwanajuma. Ningaliweza kuipeleka barua hii kwa imamu akusomee yeye, lakini sikutaka maneno yapite kinywa cha pili ndipo yamfikie mwenyewe. Kwa hiyo, Mwanajuma, soma kwa sauti, polepole, utue panapo kituo. Usiruke mstari, hata utakapofika mahali utakapoona haya.

Je, dada, goti lako linakusumbua bado? Mvua za mwaka zimeshika? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Baridi ya Uingereza imeniingia magotini kama uzee ulivyokuingia wewe, lakini nala, nalala, na chuo kinanitendea kwa heshima. Asubuhi nafundisha Kiswahili vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi katika nchi zetu, sasa tunapopandisha bendera zetu wenyewe. Ni vijana wema. Wanachanganya ngeli, lakini wakisahihishwa hushukuru. Mwenye nyumba ninamokaa ni mjane mmoja aitwaye Bibi Dora, mpole, mwenye kupenda usafi kupita kiasi. Tangu nilipomweleza habari ya nguruwe, hajapata kuniwekea mezani kitu cha kunitia shaka. Mungu amlipe.

Sasa niingie katika jambo uliloniuliza. Uliuliza moja: je, Saidi seremala amwoe Mwanajuma? Baba zake wadogo wamesema watafuata neno langu, kwa desturi yetu Wadigo ya kumtanguliza mjomba. Nasi tunajua kwamba mjomba asiposema neno, posa haiendi wala hairudi. Kwa hiyo watu wawili wamesimama njiani mwaka mzima kwa sababu ya kalamu yangu. Nitajibu. Lakini sitaweza kukujibu vizuri mpaka nikueleze habari za jirani yangu Anselmo, nawe utaona sababu.

Katika chuo hiki yuko profesa mmoja mwanamke anayechunguza lugha za wenyeji wa asili wa mto uitwao Amazoni, huko Amerika ya Kusini. Huo ni mto mkubwa usiokuwa na mfano kwetu, na pembezoni mwake ni msitu na mito midogo isiyohesabika, na kila mto mdogo una watu wake na lugha yao. Profesa amemleta mtu mmoja wa huko ili amfundishe lugha ya kwao, apate kuiandikia sarufi. Mtu huyo ndiye Anselmo. Ni wa rika la mwanao wa kwanza, mfupi, kifua kipana, na nywele zake zimenyooka kama nyuzi za mgomba. Chumba chake kinapakana na changu, na Kiingereza anakijua.

Profesa aliniomba niwe nakaa nao alasiri, kwa kuwa alitaka mtu wa sarufi kutoka lugha nyingine amsaidie kuuliza maswali. Nilikubali kwa shingo upande. Dada, unajua nilivyofundishwa. Sentensi ina kiima na kiarifu, na kila neno lina nyumba yake. Siku ya kwanza nilisikia kwamba katika lugha ya Anselmo kitenzi hukaa mwisho kabisa wa sentensi. Mtu husema, "Mwalimu muhogo," halafu ndipo anasema "anakula." Nilijiambia, hawa ni watu wanaotia nanga kabla ya kutweka tanga.

Siku ya pili nilichukua kalamu. Profesa alieleza kwamba majina ya vitu katika lugha hiyo hugawanywa kwa umbo. Vilivyo na mviringo kama tunda vina kiambishi chao. Vilivyo virefu vyenye uwazi ndani kama mtumbwi vina chao, na vilivyo bapa kama jani vina chao, na neno la kuhesabu na la kusifu hulifuata jina kwa kiambishi hicho hicho. Nilisimama nikasema, "Hizi ni ngeli!" Profesa alicheka, akasema si ngeli zetu hasa. Nikamwambia, "Si zetu, lakini ni binamu zetu." Tangu siku hiyo sikuhitaji kuombwa kwenda.

Walinionyesha pia kwamba wana maneno mawili mahali tunaposema "sisi." Moja ni sisi pamoja nawe ninayezungumza nawe, na la pili ni sisi pasipo wewe. Nilikumbuka barua yako, uliposema, "Sisi hapa tunangoja." Nilikaa nikajiuliza ni sisi ipi hiyo, na kama mimi nimo.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Sisi tukisema, "Juma ameiba kuku," tumemaliza. Kwao hujamaliza. Kitenzi lazima kivae mwishoni alama ya kueleza umejuaje. Ipo alama ya kuona kwa macho. Ipo ya kusikia au kuhisi pasipo kuona, kama mtu aliyesikia kuku akilia gizani. Ipo ya kujua kwa dalili, kama aliyekuta manyoya mlangoni kwa Juma. Na ipo ya kuambiwa. Asiyetia alama hajasema sentensi, kama vile sisi tusivyoweza kusema "-iba" bila ya kutaja nani. Na anayetia alama ya macho katika jambo aliloambiwa huhesabiwa kuwa mwongo, hata kama jambo lenyewe ni kweli. Fikiri, dada, watu hao wanavyolelewa. Mtoto hajaota meno yote, tayari anajua tofauti ya kuona na kuambiwa.

Usidhani tunazungumza sarufi tu. Siku moja Anselmo alipata muhogo sokoni kwa mchuuzi wa visiwa vya Karibi. Alikuja nao mbio kama mtu aliyemwona ndugu yake ugenini. Nami moyo ulinidunda, maana nilikuwa nimeota muhogo wa nazi mara nyingi. Alikwangua kidogo akaweka ulimini, akatikisa kichwa. "Mtamu," akasema, kwa dharau. Kwao mtamu ni wa watoto, na mchungu ndio chakula cha watu. Ule wenye sumu huukuna, huukamua maji yake, kisha huuoka mkate mwembamba, mpana kama ungo. Nikamwambia sisi nasi tunaujua mchungu, huuvundika na kuuanika. Tukabishana ni nani anayejua zaidi muhogo mpaka akaamua kunionyesha. Alikuna kwa kikunio cha jibini cha Bibi Dora, akatafuta cha kukamulia asipate, akavua foronya ya mto wake. Bibi Dora akaingia jikoni.

"Bwana Mwalimu," akasema, akiitazama foronya inavyotiririka maji meupe, "hiyo foronya imekosa nini?"

Nikamwomba aketi mpaka tuuoke. Nikamkaribisha mkate. Alikula kipande, akala cha pili, kisha akasema kwamba foronya kuukuu ziko kabatini, siku nyingine tusizichukue mpya. Nami nilisema Bismillahi, nikala, na machozi yalinilenga. Nilimshukuru Mungu aliyenipa mwana wa muhogo katika nchi ya viazi.

Anselmo huja darasani kwangu na kukaa nyuma kabisa. Miezi yote ya baridi hakutamka hata neno moja la Kiswahili. Nilidhani anakuja kuota moto. Kisha asubuhi moja nilipoteremka kunywa chai, alisimama mlangoni mwa jikoni akasema kwa Kiswahili safi, "Shikamoo Mwalimu. Vikombe vyenu vimevunjika. Lakini mimi sikuviona vikivunjika. Nimeona vigae tu."

Dada, nilishika ukingo wa meza. Vikombe, vyenu, vimevunjika, sikuviona! Wanafunzi wangu wenye shahada hawajafika hapo. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Akasema, "Kwetu mtu hafungui kinywa kwa lugha ya watu mpaka imkae. Kuiharibu lugha ya mtu mbele yake ni kumkosea adabu." Niliiona desturi hiyo kuwa tukufu, nikasema laiti ingekuwako pwani yetu, kuanzia Shimoni hadi Likoni.

Sababu ya watu wa kwao kujifunza lugha za wengine niliijua baadaye, mezani. Tulikuwa tukinywa mchuzi. Akaniuliza, "Mkeo, Mungu amrehemu, alikuwa wa lugha gani?"

"Kidigo nyumbani, Kiswahili kwa wageni. Kama mimi."

"Na mama yako na baba yako?"

"Hali kadhalika."

Aliweka kijiko chini. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mwalimu, usimwambie mtu mwingine humu. Bibi Dora ni mwema, lakini asijue."

Nilimtaka anieleze. Kwao, dada, watu wa lugha moja huhesabiwa ndugu. Mtoto huwa wa lugha ya baba yake, na ya mama yake huijua vilevile, na akitaka mke ni lazima amtafute katika lugha nyingine. Anayeoa mwenye lugha yake ni kama aliyeoa dada yake. Yeye mwenyewe baba yake ana lugha hii, mama yake ana ile, mkewe ana ya tatu, na nyumbani kwao mchana mmoja husikika lugha tano, na hakuna anayemcheka mwenzake.

"Na Bibi Dora na marehemu mumewe?" akauliza.

"Kiingereza, wote wawili."

"Na majirani?"

"Kiingereza."

Akashika kichwa. "Mji mzima, Mwalimu?"

"Mji mzima."

Nilicheka hata nikapaliwa na mchuzi. Kisha usiku huo kicheko kiliniishia, kwa kuwa nilimkumbuka Saidi.

Unakumbuka alivyokuja barazani kwangu kabla sijasafiri. Ni mtu wa Mumias, Mwislamu, mwana wa Waislamu, aliyeletwa pwani na kazi ya useremala katika hoteli inayojengwa Galu. Alisema, "Shikamoo mzee. Mimi nimekuja kuona wewe juu ya hii maneno ya mtoto yako." Nilimsahihisha papo hapo: nimekuja kukuona, maneno haya, mtoto wako. Akayarudia yote kama mwanafunzi, mikono nyuma, kisha akakosea jingine. Alipoondoka nilikwambia kwamba nyumba yetu haitamwoza binti yake mtu anayejikwaa baina ya baraza na mlango. Wewe ulikichukua kikombe cha kahawa kutoka mkononi mwangu nikiwa sijakimaliza.

Basi nilimweleza Anselmo habari hii yote, nikitaraji ataniunga mkono. Nani angeniunga mkono zaidi ya mtu aliyenyamaza miezi mingi asiiharibu lugha yangu? Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza.

"Mtu huyo alijua kwamba wewe ni mwalimu wa lugha?"

"Alijua. Msambweni yote inajua."

"Na alijua kwamba lugha haijamkaa?"

"Alijua. Alikuwa akitokwa na jasho."

"Na akafungua kinywa mbele yako?"

"Akafungua."

Anselmo akatikisa kichwa kwa mshangao. "Mimi nisingethubutu," akasema. "Huyo, Mwalimu, anamtaka mke kweli."

Sikulala upesi. Siku ya pili nilimletea barua yako, tukaipitia kwa alama za kwao. Usione vibaya, dada, nilimficha mambo ya nyumbani yasiyomhusu, nikamsomea yaliyo juu ya Saidi tu. Uliandika, "Watu wanasema ana mke kwao." Anselmo akasema, "Ameambiwa." Uliandika kwamba inasemekana hunywa pombe na wajenzi wenzake. "Ameambiwa." Uliandika kwamba muuza mbata amesikia kwa dereva kwamba watu wa bara huoa pwani kisha huhama. "Huyu ameambiwa na aliyeambiwa. Hata kwetu alama hiyo ni nzito." Kisha nikafika penye mistari miwili uliyoandikisha kando, kama jambo lisilo na maana: kwamba mvua kubwa ilipong'oa mlango wenu wa nyuma, Saidi alikuja bila ya kuitwa, akatia fremu mpya ya mbambakofi, akaupiga randa mlango mpaka ukafunga bila kelele, akaswali magharibi uani, akaenda zake bila kungoja chakula.

Anselmo aliinua kidole. "Macho," akasema. "Hapo dada yako anasema kwa macho."

Dada yangu, katika barua nzima uliloliona ni mlango tu. Mengine yote uliletewa.

Sasa sikiliza neno langu, nawe Mwanajuma usome vizuri.

Kwanza, pingamizi langu la lugha naliondoa. Makosa yake ni makosa, sitayaita jina jingine, na nikirudi nitamsahihisha mbele ya watu kama nilivyokusahihisha wewe, Mwanajuma, ulipokuwa ukisema "kiti yangu." Lakini si kizuizi cha ndoa. Wana watakaozaliwa watakuwa na lugha ya Mumias kwa baba na yetu kwa mama, na nimekwisha kuona kwa macho yangu mtu mwenye lugha tano, na hakuna hata moja iliyopungukiwa kinywani mwake kwa sababu ya nyingine.

Pili, mlango mzuri hauthibitishi kwamba mtu hana mke. Kuwa na mke si haramu, bali kumficha ndiko nisikokubali. Nakuomba umtume shemeji Hamadi, mdogo wa marehemu mumeo, aende Mumias kwa treni. Asiulize njiani wala sokoni. Aende nyumbani kwa mama yake Saidi, asalimu, akae, ale chakula chao, alale. Mke ndani ya nyumba hafichiki kwa mgeni anayelala: maji ya kunawa yataletwa na mtu, na mkeka utatandikwa na mtu. Na Saidi mwenyewe aambiwe wazi kwamba Hamadi anakwenda, na sababu yake. Akikasirika, niambie mlichokiona usoni mwake. Akifurahi, niambie vilevile.

Tatu ni lako, Mwanajuma. Umesoma hadi hapa na sauti yako, naamini, haikutikisika, kwa kuwa wewe ni mpwa wangu. Hakuna aliyekuuliza. Mama yako aliniuliza mimi, baba zako wadogo waliniuliza mimi, nami nikakaa kimya. Sasa nakuuliza mimi. Chukua karatasi uniandikie, kwa mkono wako, uliyoyaona ya mtu huyu. Usiniandikie alivyosema juu yake fulani, wala hofu za fulani. Na kama humtaka, liandike hilo kwanza, mstari wa juu kabisa, wala usitoe sababu. Hilo peke yake ndilo jambo unalolijua wewe bila ya kuambiwa na mtu.

Ukimaliza kusoma hapa, weka barua chini, umtazame mama yako, kisha uendelee.

Nisalimie mke wa kaka yetu mkubwa, umwambie dua zake nazihisi huku. Nisalimie imamu wetu, na mwalimu aliyenirithi darasa la sita pale skuli. Mwambie asiache kufundisha ngeli kwa wimbo. Nisalimie jirani muuza mbata, na umwambie kwa heshima zote kwamba aliyosikia kwa dereva nimeyapokea kwa alama yake. Msalimie shemeji Hamadi na umpe pole ya safari mapema. Na Saidi msalimieni. Mwambieni asijifunze salamu mpya kwa ajili yangu. Aje na ile ile, nataka kuisikia tena kwa masikio yangu.

Nakushukuru, dada, kwa kuningoja bila ya kuninung'unikia, na kwa kuuandika ule mlango. Namshukuru Mungu aliyenileta mbali hivi, katika baridi hii, nijifunze katika uzee kuuliza swali ambalo mtoto wa msituni analijua. Chuo kimenitaka nibaki mwaka mwingine. Sijajibu, kwa kuwa mjomba hapokei posa kwa posta.

Barua ya Mwanajuma na habari za Hamadi zikinifikia, nitaamua juu ya posa na juu ya kurudi kwangu, na siku nitakayoamua ndiyo siku nitakayoandika. Sitakawia tena. Na bahasha hiyo, Mwanajuma, haitakuwa na jina la mama yako. Itakuwa na lako, uifungue wewe.

Ni mimi ndugu yako, na mjomba wake,
Bakari bin Nassoro